Kiti cha Dola Hakisogezwi

Nchi inayosimuliwa hapa haijapata kukosea hata mara moja, na kwa heshima ya rekodi hiyo jina lake limeachwa. Inatosha kusema kwamba ina milima upande wa kaskazini, haina bahari, na barabara ya kwenda milimani imekamilika kwenye ramani. Mahali ambapo ramani imefika lakini barabara bado, chanjo, barua na wakaguzi wa shule hupelekwa na ndege nne ndogo za injini moja.

Ndege hizo zilitengenezwa ng'ambo na watu wasioijua historia ya nchi. Kwa kutojua huko waliweka kila kiti cha rubani juu ya reli yenye matundu kumi na moja, ili mtu akivute kiti mbele au akirudishe nyuma kulingana na urefu wa miguu yake, kisha achomeke pini kisiteleze. Ulikuwa mpango wa kimakanika tu, usio na itikadi yoyote.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika mwaka wa pili wa Jamhuri. Jemadari Mkuu, Baba wa Anga, wakati huo akiwa na miaka thelathini na tisa na sentimita 191, alirusha moja ya ndege hizo juu ya mji mkuu kwa dakika kumi na nne. Alikaa tundu la kumi na moja, la nyuma kabisa. Aliposhuka, Mamlaka ya Anga iliona hatari ambayo watengenezaji hawakuiona: raia wa kawaida angeweza kupanda baada yake, akachomoa pini, na kwa mkono mmoja akaufuta mkao wa Jemadari. Mafundi waliitwa siku hiyo hiyo. Viti vyote vya ndege zote nne vilichomelewa kwenye tundu la kumi na moja, na juu ya kila kiti kikapigiliwa kibao cha shaba: KITI CHA DOLA HAKISOGEZWI.

Ikabidi sasa wapatikane watu wa kukienea kiti. Sheria ilitaka rubani awe na sentimita 185 au zaidi. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba raia wa kawaida ana 163. Mamlaka haikuona mgongano wowote kati ya hesabu hizo mbili, na haukutokea, kwa sababu marubani wote walipimwa na daktari mmoja, katika hospitali moja, kwa futi moja ya kushonea iliyokatwa sentimita thelathini na tatu za mwanzo. Waliotoka hapo na zaidi ya 190 walipunguzwa kwa kalamu, maana kumzidi Jemadari kimo lilikuwa kosa jingine, tena kubwa zaidi.

Rubani mmoja, mwanamke aitwaye Sikudhani Ngwele, alitoka na 185 kamili. Urefu wake halisi ulikuwa sentimita 152. Katika tundu la kumi na moja miguu yake iliishia sentimita kumi na tisa kabla ya pedali zinazogeuza usukani wa mkia, na macho yake sentimita nane chini ya ukingo wa dashibodi. Alifanya walivyofanya marubani wengine wote. Alishona takia la sufi lenye pande mbili, mmoja wa kukalia na mmoja wa kumsukuma mgongo, akafunga vipande vya mbao kwenye pedali, na akaruka saa 1,140 bila kukwaruza hata tairi. Takia la Sikudhani lilikuwa nene kuliko ya wenzake, na kila asubuhi kuna aliyemuuliza kama leo anahama au anasafiri. Yeye aliwajibu kwamba afadhali anayehama akiona njia kuliko anayesafiri kwa cheti.

Fundi mkuu wa uwanja, Mzee Shaweji, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba ukimpa mashine ya kukatia chuma, atakata palipochomelewa na kurudisha pini kwa dakika kumi na moja. Alipelekwa semina ya uzalendo ya wiki mbili. Alirudi akisema dakika kumi na mbili, kwa kuwa mkono ulikuwa umepoa.

*

Mambo yangeendelea hivyo kama Mamlaka isingepata Mkurugenzi mpya. Bwana Hemedi Mavumba alikuwa msomi wa sheria za usafirishaji wa nchi kavu, na alikuwa hajapanda ndege ndogo, jambo lililotajwa katika barua yake ya uteuzi kama uthibitisho kwamba hatapendelea upande wowote. Katika wiki yake ya kwanza alitoa Waraka Namba 7, uliosema kwamba hakuna kitu chochote kitakachowekwa kati ya mwili wa rubani na Kiti cha Dola, wala kati ya mguu wa rubani na pedali ya Dola.

Wakaguzi walimkuta Sikudhani akishuka kutoka kaskazini, baada ya kutua katika upepo wa ubavuni ambao humtaka rubani akandamize pedali hadi mwisho. Walichukua takia, wakalitia lakiri, na kuliandikisha kama kifaa laini cha kubadilisha mamlaka. Mbao zilichukuliwa pia. Yeye mwenyewe alipelekwa ofisini kwa Mkurugenzi, ambako cheti chake cha 185 kilikuwa mezani kando ya takia. Bwana Mavumba alitaka kujua mtu wa kimo hicho anahitaji takia la nini. Sikudhani aliona kwamba uongo umemfikisha mwisho wake. Alitaja kimo chake halisi, kimo cha dashibodi, na umbali wa pedali.

"Kiti kipo mbali nami sentimita kumi na tisa, Bwana Mkurugenzi," alisema.

"Kiti hakiwezi kuwa mbali," alijibu Bwana Mavumba kwa upole wa mtu anayemsaidia mwanafunzi. "Kiti kipo mahali pake. Aliye mbali ni wewe."

Alimpa siku thelathini. Siku ya thelathini angeketi kwenye kiti bila kitu chini, nyuma wala miguuni, na mbele ya mtahini angekandamiza pedali zote mbili hadi mwisho na kusoma namba iliyoandikwa mwanzoni mwa njia ya kurukia. Akishindwa, leseni ingefutwa na angehamishiwa kwenye mizani ya mizigo. Sikudhani alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu shuleni hakuwa amejifunza kazi nyingine, wala hakutaka.

Isije ikadhaniwa kwamba serikali ilimwacha peke yake. Iliunda Tume ya Kimo, yenye wajumbe tisa na gari. Tume ilimpeleka hospitali, alikoning'inizwa kwa kwapa dakika arobaini kila siku kwa wiki mbili. Mwishoni alipimwa, safari hii kwa futi nzima. Asubuhi alikuwa na 152.4, jioni 151.9. Tume iliikataa hesabu ya jioni kwa kukosa matumaini, ikaichukua ya asubuhi, ikapiga hesabu kwamba kwa mwendo huo angefikia 185 baada ya miaka mitatu na mwezi mmoja na nusu. Kwa kuwa alibakiwa na siku kumi na tatu, ilimshauri aongeze bidii.

Wakati huohuo marubani wengine watatu, baada ya kunyang'anywa matakia yao, waliugua mgongo wote siku ileile. Hakuna ndege iliyokwenda kaskazini. Chanjo zilibaki kwenye jokofu la uwanja hadi tarehe zake zikapita, kisha zikasubiri kamati ya kuthibitisha kwamba zimepita.

*

Siku nne baada ya ushauri wa Tume ilikuwa Siku ya Anga. Kila mwaka Jemadari huketi katika kiti chake na kupigwa picha, ambayo hutundikwa katika kila ofisi hadi mwaka unaofuata. Katika kiti cha kulia huwekwa rubani, ili picha isiwe na nafasi tupu. Bwana Mavumba aliyapitia majalada ya marubani wote na kumchagua Sikudhani, kwa sababu iliyoandikwa wazi katika kumbukumbu: kando yake, Jemadari ataonekana alivyo. Leseni yake ilikuwa na siku tisa za uhai.

Jemadari alikuwa na miaka themanini na minne. Kimo chake kilikuwa bado sentimita 191, kwa kuwa kiliandikwa katika vitabu vya shule na huulizwa katika mtihani wa darasa la saba. Kumpima upya ni uhaini, kwa hiyo hakuna takwimu nyingine. Inajulikana tu kwamba fundi wake wa nguo alizifupisha suruali zake kila mwaka, na kila mwaka akaandika katika daftari kwamba kitambaa kimerefuka.

Askari wanne walimpandisha, wakafunga mlango, wakarudi nyuma. Wapiga picha walijipanga mbele ya pua ya ndege, hatua ishirini. Walichokiona kupitia kioo ni kofia mbili, ncha zake zikiwa sawa.

Ndani, Sikudhani alisema shikamoo, akajibiwa marahaba. Kisha Jemadari aliangalia mbele kama ipasavyo.

"Binti," alisema hatimaye kwa sauti ya chini, "wewe unaona nini hapo?"

"Naona saa ya mafuta, Mtukufu."

"Na mbele ya hiyo saa?"

"Sijaona mbele tangu waliponichukulia takia langu."

Mzee alifikiri. Aliunyosha mguu wake wa kulia kutafuta pedali, akakuta hewa. Akaunyosha wa kushoto, ukakuta hewa ileile.

"Mimi nilidhani ni macho," alisema. "Mwaka wa nne sasa. Na mimi naona saa ya mafuta."

Sikudhani, ambaye hakuwa na cha kupoteza isipokuwa siku tisa, alimweleza: reli, matundu kumi na moja, pini, kazi ya dakika kumi na mbili. Jemadari alisikiliza kwa makini kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Alisema yeye hakuwahi kuamuru kiti kichomelewe. Alikaa tundu lile kwa sababu ya magoti tu. Kisha akauliza kama ndege ina mafuta, na alipojibiwa kwamba yapo tele, akasema anataka kuruka mara moja, kwani hakujua kama mwakani ataweza.

Tatizo lilikuwa la kijiometri. Kila ndege ya nchi ile hubeba, kwa mujibu wa sheria, juzuu nne za Hotuba Teule za Jemadari, mahali ambapo zamani lilikaa sanduku la huduma ya kwanza. Waraka Namba 7 ulikataza vitu, na hakuna mahakama ambayo ingethubutu kuziita hotuba zile vitu. Sikudhani alizipanga kitini, Jemadari akakaa juu ya juzuu hizo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne akauona uwanja. Lakini kadiri alivyoinuka, ndivyo miguu yake ilivyozidi kuachana na pedali. Kwa hiyo Sikudhani alijitelezesha chini katika kiti chake hadi mabega yakafika yalipokuwa makalio. Hapo miguu ikafika kwenye pedali, na macho yakabakiwa na swichi tu. Wakagawana kazi: mzee aone na kusema, yeye akanyage na kushika usukani.

Wapiga picha walitawanyika upesi. Ndege ilikimbia ikiyumba, ikapaa. Watu walisimama. Bwana Mavumba alishangilia sekunde moja kabla ya wengine, kama inavyostahili cheo chake. Mle ndani Jemadari alisema kushoto kidogo, kulia, inua, kuna mwewe, amepita. Alikuwa rubani kweli wakati wake na aliona sawasawa. Walizunguka mara moja, wakagonga ardhi mara tatu, na mara ya tatu wakabaki chini.

Jemadari aliteremshwa akiwa na jasho na furaha. Mbele ya baraza zima alimwambia Mkurugenzi kwamba kiti kile kiko mbali mno, na kwamba binti huyu ndiye aliyekanyaga, yeye aliona tu. Mzee Shaweji, aliyekuwa amesimama karibu na karakana, alisikia kwa masikio yake. Aliingia ndani na kuchomeka mashine ya kukatia chuma kwenye umeme. Sikudhani alimwona, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alicheka.

*

Kikao cha kutafsiri maneno ya Jemadari kilichukua saa sita. Ugumu ulikuwa huu: mtu wa sentimita 191 hawezi kukiona kiti cha tundu la kumi na moja kuwa mbali. Jemadari ana sentimita 191. Kwa hiyo hakusema kiti kiko mbali, ingawa watu mia nne walimsikia. Kilichobaki katika kauli yake baada ya kuondoa sehemu ambayo hakuisema ni kwamba mmoja aliona na mwingine alikanyaga. Wajumbe walitazamana. Haikuwa lawama hata kidogo. Lilikuwa ni onyesho.

Waraka Namba 8 ulitoka asubuhi. Kuanzia sasa kila ndege ndogo itarushwa na watu wawili: Rubani wa Macho, atakayeketi kushoto juu ya juzuu nne na kuona, na Rubani wa Miguu, atakayejitelezesha kulia na kutekeleza. Magazeti yaliandika kwamba Jemadari, akiwa na miaka themanini na minne, amevumbua mfumo ambao mataifa makubwa hayakuufikiria. Jemadari aliyasoma magazeti hayo kitandani, akaipenda habari iliyoandikwa kuliko ile aliyoifanya, na hakulizungumzia tena suala la kiti.

Mzee Shaweji aliambiwa azime mashine. Aliizima, akakumbusha tena kwamba ni dakika kumi na mbili, akaenda kula.

Leseni ya Sikudhani haikufutwa. Ilipigwa muhuri mpya, MIGUU, akaandikiwa barua ya pongezi. Wenzake walimwambia ashukuru, na akashukuru, maana leseni ni leseni, na kaskazini walikuwa wamekaa zaidi ya wiki tatu bila chanjo. Alipouliza makasha mangapi yatabebwa sasa, aliambiwa yamepunguzwa kutoka kumi hadi manne kwa ajili ya uzito wa Rubani wa Macho.

Rubani wa Macho wa kwanza kuhitimu alikuwa Fikirini Mavumba, mtoto wa kaka yake Mkurugenzi, kijana mpole wa kilo tisini na nne aliyekuwa karani wa maktaba. Alisomea kuona kwa wiki tatu. Kozi ilikuwa na jibu moja tu la kumpa Rubani wa Miguu: "Mbele ni shwari." Majibu mengine yalijadiliwa na wataalamu na kuachwa, kwa kuwa yangeweza kuleta taharuki angani.

Safari ya kwanza ilipangwa saa tatu asubuhi. Sikudhani aliwasha injini, akaipeleka ndege mwanzoni mwa njia kwa maelekezo ya mlinzi aliyetembea mbele, akajitelezesha chini. Mbele ya uso wake kulikuwa na swichi sita na kibandiko cha mwaka wa kutengenezwa.

"Mbele kukoje?" aliuliza.

"Mbele ni shwari, Dada Rubani."

Akaongeza mafuta. Ndege ikaanza kukimbia. Aliuliza tena, kama anavyouliza mtu anayejua kazi yake, na akapata jibu lilelile, ila sauti ilikuwa imepanda. Aligeuza shingo. Fikirini alikuwa ameshika komeo la mlango kwa mikono yote miwili.

"Fikirini, unaona nini?"

"Mbele ni shwari."

"Sikuulizi hali, ndugu yangu. Nakuuliza kitu."

"Dada," alisema Fikirini, akilia sasa, "nina watoto watatu."

Sikudhani alikata mafuta na kukandamiza breki kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Ndege ilipokuwa bado inateleza alifungua mkanda, akasimama juu ya kiti, na kutazama. Katikati ya njia kulikuwa na bendi ya Mamlaka, watu kumi na mmoja wenye sare nyeupe, wakiwa wameipa ndege mgongo na wakifanya mazoezi ya wimbo wa kuuzindua rasmi Mfumo wa Macho na Miguu. Injini ilizimika hatua sita nyuma ya ngoma kubwa. Mpiga ngoma aligeuka, akamtazama Sikudhani kwa kuudhika, akageukia wimbo wake.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Shtaka lilikuwa moja: kwamba mshtakiwa, akiwa Rubani wa Miguu, aliona bila kibali, na aliona mbele. Fikirini alithibitisha kwamba mbele kulikuwa shwari. Sikudhani alipoulizwa kama alitazama, alisema ndiyo, akataja muda, mwendo wa ndege na idadi ya watu. Hakimu alimsifu kwa usahihi wake na kuuandika kama kukiri. Leseni iliwekwa mezani na kupigwa muhuri wa mwisho. Kuanzia Jumatatu angeripoti kwenye mizani ya mizigo.

Kabla ya hukumu hiyo mahakama, kwa kupenda haki, iliwaita mashahidi wa upande wa utetezi. Wanabendi wote kumi na mmoja walifika wakiwa wazima, wakaapa mmoja baada ya mwingine, na wote wakaeleza kwamba siku ile hapakuwa na hatari yoyote uwanjani, kwani hakuna aliyegongwa.